Pango la miezi sita mkononi: ni mali yako au bado ni deni?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.) aliyetuneemesha kwa neema zisizohesabika, na miongoni mwake ni neema ya makazi, ambayo katika Suratun-Nahl aya ya 80 ameitaja kuwa ni sababu ya utulivu wa wanaadamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa hii tumeona ni vyema tulitazame jambo lililoingia katika familia nyingi za miji yetu, nalo ni biashara ya kujenga na kupangisha nyumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi mkoa huu peke yake umeongezewa watu zaidi ya milioni moja, na wengi wa wanaoingia mjini huanza maisha katika chumba cha kupanga. Ndiyo maana mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, mjane aliyeachiwa kiwanja na kijana aliyefanikiwa dukani kwake, wote hupewa ushauri mmoja: jenga vyumba upangishe, ule kodi ukiwa umekaa.

Ushauri huo una kheri ndani yake. Kupangisha ni mlango wa halali ulio wazi, na wanazuoni wetu wameuandikia mlango mzima katika vitabu vya fiqhi, nao ni mlango wa ijara. Lakini yale maneno ya mwisho, ya kula kodi ukiwa umekaa, ndiyo yanayowaponza wanaoanza. Tumeshuhudia ndugu wakigombana, wapangaji wakitolewa vyombo nje, na wazee wakiingia katika madeni, si kwa sababu nyumba ilikuwa mbaya, bali kwa sababu mwenye nyumba hakujua hasa ameuza nini na amepokea nini.

Shauri tulilolisikiliza

Baada ya zile mvua kubwa zilizonyesha mwishoni mwa mwaka 2023 hadi Aprili 2024, tuliletewa shauri la watu wawili wanaoswali katika msikiti mmoja. Wa kwanza ni mzee mstaafu aliyejenga vyumba sita kwa kiinua mgongo chake, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupangisha. Wa pili ni mama anayeuza chakula, aliyechukua vyumba viwili, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi, akalipa miezi sita kwa mpigo kama ilivyo ada ya mji, jumla shilingi 720,000. Miezi miwili haijaisha vyema, maji yakaingia ndani, ukuta wa nyuma ukapasuka, na shimo la choo likafurika hadi uani. Mama yule akahamia kwa dada yake na watoto wake watatu, kisha akarudi kudai pango la miezi minne iliyobaki, yaani shilingi 480,000.

Mzee akatuambia, "Sheikh, mimi sikatai kwamba nyumba imeharibika. Lakini mvua sikuileta mimi, na ile pesa imekwisha. Nimenunulia mabati na saruji kwa ajili ya vyumba vingine viwili." Mama naye akajibu kwa upole, "Mzee wangu, mvua ni ya Mungu, sote tunajua. Ila mimi nililipia mahali pa kulala, na mahali hapo sina."

Ndugu msomaji, katika majibizano hayo mafupi zimo changamoto karibu zote za mwenye nyumba anayeanza. Mzee yule hakuwa dhalimu. Alidhani kwamba siku aliyokabidhiwa zile 720,000, zote zilikuwa zake kama vile ameuza mbuzi akapokea bei yake. Hapo ndipo penye kosa, na hapo ndipo tunapotaka kupaeleza.

Mwenye nyumba anauza nini?

Anayeuza mbuzi ameuza kitu chenyewe, akamkabidhi mnunuzi, na hesabu yao imefungwa. Anayepangisha nyumba hakuuza nyumba. Ameuza manfaa yake, yaani kulala, kupika, kujisitiri na kuweka vyombo kwa muda maalumu. Manfaa hayo hayawezi kukabidhiwa yote kwa siku moja. Hupatikana siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Nyumba yenyewe hubaki kuwa ya mwenyewe, na hasara inayoipata nyumba ni yake vilevile. Hii ndiyo kanuni iliyomo katika Hadithi aliyoipokea Bi Aisha (r.a.), iliyomo katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi, inayofundisha kuwa pato la kitu hufuatana na kubeba dhamana ya kitu hicho. Anayetaka pato la nyumba na akawatupia wengine dhamana yake, amechukua nusu ya kanuni na kuiacha nusu.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria sawa na mwaka 1277 Miladia, amelifafanua jambo hili katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi. Ameeleza kwamba ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo, na kwamba ujenzi na matengenezo ya nyumba yako juu ya mwenyewe. Akiharakisha kutengeneza, mkataba unaendelea. Asipoharakisha, mpangaji ana hiari ya kuuvunja. Ama kufagia uwanja na kuondoa taka anazozitoa mpangaji, hilo ni la mpangaji. Na nyumba ikiporomoka, mkataba hukatika kwa muda uliobaki.

Tazama jinsi wanazuoni walivyogawa mizigo: ukuta, paa na msingi ni vya mwenye nyumba, na ufagio ni wa mpangaji. Mwenye nyumba anayemwambia mpangaji apige mwenyewe bati linalovuja, bila kumkatia katika pango, amemtwisha mzigo usio wake.

Kutokana na msingi huo, wanazuoni wetu wanasema kwamba pango lililopokelewa kabla ya muda wake linamilikiwa, lakini milki yake haijatulia. Hutulia kidogo kidogo kwa kadiri muda unavyopita na mpangaji anavyopata manfaa yake. Kwa hiyo katika zile 720,000, zilizotulia kwa mzee wetu ni za miezi miwili tu, yaani 240,000. Zile 480,000 zilikuwa mkononi mwake, lakini zilikuwa na kamba, na manfaa yalipokatika kamba ikavutwa.

Uamuzi wetu haukuwa mgumu, ugumu ulikuwa katika kulipa. Mzee alikubali kurejesha kwa mafungu matatu ya shilingi 160,000, na mama akakubali kusubiri, akifuata mafundisho ya Suratul-Baqarah aya ya 280 ya kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki. Fungu la kwanza lilipatikana kwa kuyauza yale mabati kwa bei ya hasara. Tunasema wazi kwamba na sisi wenye kusomesha tuna sehemu yetu ya lawama. Mlango wa ijara tumeusomesha darasani miaka mingi, wanafunzi wameuhifadhi, lakini ni mara chache tumeupandisha mimbari ukamfikia mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba ya kupangisha.

Hesabu ya anayeanza

Changamoto ya kwanza ya kiutendaji ni hesabu. Tuchukue mfano wa vyumba sita vya shilingi 60,000 kila kimoja, vilivyogharimu pamoja na kiwanja shilingi 36,000,000. Anayeanza huzidisha haraka: 360,000 kwa mwezi ni 4,320,000 kwa mwaka, kwa hiyo mtaji utarudi katika miaka minane na miezi kidogo. Hesabu hiyo ni ya nyumba isiyokaa wazi hata siku moja, isiyovuja na isiyotozwa kitu.

Sasa tuhesabu kama watu wazima. Tukadirie kwamba kila chumba kitakaa bila mpangaji mwezi mmoja katika mwaka. Hapo inatoka 360,000 na kubaki 3,960,000. Tutenge pango la mwezi mmoja, 360,000, kwa ajili ya matengenezo, zinabaki 3,600,000. Tuondoe kodi ya jengo shilingi 18,000, na tuweke kando asilimia 10 ya makusanyo, yaani 396,000, kwa ajili ya kodi ya mapato. Zinabaki 3,186,000, ambazo kwa mwezi ni shilingi 265,500. Kwa kasi hiyo mtaji unarudi baada ya miaka zaidi ya 11, wala hatujataja mvua ya kupasua ukuta.

Hatusemi haya kuwakatisha tamaa watu. Tunasema ili mtu ajue kwamba aliyepokea pango la miezi sita na kulila lote katika mwezi wa kwanza, amekula matengenezo ya mwezi wa tatu, kodi ya serikali ya mwezi wa tano, na haki ya mpangaji ya mwezi wa sita. Dawa yake ni nyepesi. Akipokea pango la miezi sita, aligawe mafungu sita, achukue fungu la mwezi ulioanza, na matano ayaweke mahali ambapo hatayagusa hadi mwezi wake ufike.

Na hapa ndipo penye hatari ya pili, nayo ni mkopo wa riba. Watu wengi hujenga kwa kukopa, wakitegemea kwamba pango litalipa marejesho. Mbali na uharamu wa riba, ambao Allah (s.w.) ameukemea kwa makemeo makali katika Suratul-Baqarah aya ya 275 hadi 279, huku ni kujenga deni lililo thabiti juu ya pato lisilotulia. Chumba kikikaa wazi miezi mitatu, benki haikai wazi. Anayehitaji mtaji atazame kwanza njia za halali: kushirikiana na ndugu kwa hisa zinazojulikana, au kwenda kwenye taasisi zinazofuata sharia. Hapa nchini Benki ya Amana ilianza kazi mwaka 2011 kwa msingi huo, na yapo mabenki mengine yenye dirisha la huduma za Kiislamu. Hata huko asitie saini kabla hajaeleweshwa. Na anayeweza kujenga vyumba viwili leo na viwili baada ya miaka mitatu bila deni, huyo ana usingizi.

Kiwanja kwanza, tofali baadaye

Huwezi kuuza manfaa ya kitu usichokuwa na haki nacho. Miji yetu imejaa mashauri ya kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu wawili, kiwanja cha urithi kilichouzwa na mtoto mmoja bila ya wenzake kujua, na kiwanja kilicho katika bonde la maji au hifadhi ya barabara. Mtume (s.a.w.) ametuonya katika Hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim kuhusu adhabu ya Akhera ya anayedhulumu ardhi hata kama ni shubiri moja. Onyo hilo linamhusu muuzaji, lakini mnunuzi anayefumba macho kwa kuwa bei ni nafuu naye ajihoji.

Kwa hiyo anayenunua aulize majirani, afike ofisi ya serikali ya mtaa, na kama kiwanja kina hati, afanye upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati ili ajue mmiliki ni nani na kama kimewekwa rehani. Kama muuzaji ana mke au mume, aridhike kwamba mwenzake anajua na ameridhia, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya wanandoa. Kama ni mali ya urithi, aone kwamba msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama na warithi wanajua. Mwenye hati akumbuke pia kodi ya ardhi ya kila mwaka, kwani chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Mkataba ulioandikwa

Katika Suratul-Baqarah aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, Allah (s.w.) ameelekeza kwamba deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe, na akawatahadharisha watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Katika Suratul-Qasas aya ya 26 hadi 28 tunasoma jinsi Nabii Musa (a.s.) alivyoajiriwa Madyan: muda ulitajwa, ujira ukatajwa, na ziada ya hiari ikatofautishwa na kile kilicho lazima. Ikiwa watu wema wa kiwango hicho walibainishiana masharti, vipi sisi tunampangisha mtu kwa kusema tu kwamba tunaaminiana?

Jambo hili lina uzito zaidi katika nchi yetu kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji unategemea kwa kiasi kikubwa kile walichokubaliana, pamoja na masharti ya Sheria ya Ardhi na ile ya Mikataba. Suala la kudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mpigo limesikika mara kwa mara bungeni na mitaani, na wapangaji wengi wanalalamika kwamba linawaumiza. Sisi tunaona kwamba kulipa mapema kwa kuridhiana kunajuzu kisheria ya dini, lakini mwenye uwezo wa kupokea kwa miezi mitatu, au hata kwa mwezi, amefanya ihsani, na yeye mwenyewe anajiepusha na kishawishi cha kula kisichotulia.

Mkataba usiwe karatasi ya kununua dukani tu na kujaza majina. Uandikwe muda, kiasi cha pango, nani analipa maji na umeme, umeme wa mita moja unagawanywaje, na taarifa ya kuhama au kuhamishwa itolewe muda gani kabla. Shimo la choo nalo liandikwe: wanazuoni wanasema mpangaji akabidhiwe likiwa tupu, lakini wamehitilafiana ni nani atakayelinyonyesha likijaa katikati ya muda, basi makubaliano yaondoe utata. Iandikwe pia kwamba nyumba haitatumika kwa ulevi, kamari wala uchafu mwingine. Na iandikwe kitakachofanyika manfaa yakikatika, au mpangaji akitaka kuondoka mapema.

Mambo hayo mawili ya mwisho ni tofauti. Manfaa yakikatika kwa nyumba kuharibika, pango la muda uliobaki ni haki ya mpangaji, na kumrudishia si hisani. Ama mpangaji akiondoka kwa hiari yake huku nyumba ni nzima, mkataba unambana, na hawezi kulazimisha kurudishiwa. Hata hivyo mwenye nyumba akimwachia, na hasa akipata mpangaji mwingine siku chache baadaye, ana matumaini ya fadhila kubwa, kwani Mtume (s.a.w.) amesifu kumkubalia mwenzio anapoomba kuvunja mapatano aliyoyajutia.

Na mpangaji akichelewa kulipa? Hapo mwenye nyumba ana haki ya kudai, na mpangaji mwenye uwezo anayechelewesha ni dhalimu. Lakini kung'oa mlango, kuezua bati au kumtolea mtu vyombo nje usiku na watoto wake, huko ni kuondoa dhara kwa dhara, na dini yetu imekataza kudhuru na kulipizana madhara. Kuna wazee wa msikiti, kuna serikali ya mtaa, na kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Shilingi 1,500 ya Luku

Tunataka tutaje jambo dogo ambalo wengi wanalipuuza. Tangu Agosti 2021 serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme wa Luku. Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na katika mwaka wa fedha 2023/24 ikapandishwa hadi 1,500, ambayo kwa mwaka ni 18,000. Kwa nyumba ya ghorofa ikawa shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, lakini kodi hii ni ya jengo, na jengo ni la mwenye nyumba. Kwa hiyo isipokuwa wamekubaliana vinginevyo kwa uwazi, kila shilingi 1,500 iliyokatwa kwa mpangaji ni deni juu ya mwenye nyumba, la kumrudishia au kumpunguzia katika pango.

Mtu atasema, ni shilingi elfu na mia tano tu. Na asome Suratul-Mutaffifin, azitafakari aya zake za mwanzo kuhusu wale wanaopokea kipimo kamili na wakipima kwa ajili ya wengine hupunguza. Sura hiyo haikutaja kiwango cha chini cha kupunja.

Ama kodi ya mapato, wengi walishtuka mwaka 2022 TRA ilipotangaza kwamba wapangaji wazuie asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha. Kwa kuwa taratibu hizi hurekebishwa mara kwa mara katika sheria ya fedha inayofuata bajeti ya kila Juni, anayeanza kupangisha aende ofisi ya TRA iliyo karibu naye, aulize kinachomhusu, na asitegemee habari za kijiweni.

Mwenye nyumba akifariki

Sehemu hii inazigusa familia zaidi ya zote. Baba akifariki akiwa ameshapokea pango la miezi sita, mkataba katika madhehebu ya Shafi haukatiki kwa kifo chake. Warithi hawana haki ya kumwambia mpangaji alipe upya wala ahame kesho. Hali kadhalika nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaipokea pamoja na mpangaji wake hadi muda uishe. Madhehebu ya Hanafi yana kauli tofauti kuhusu kifo, lakini hata kwa kauli hiyo pango la muda ambao mpangaji hatakaa hurejeshwa. Hii ni sababu nyingine ya kuandika: watoto wasipojua baba amepokea nini, kosa la kwanza katika mirathi huwa limekwishafanyika kabla ya arubaini.

Kisha kuna nyumba ya urithi iliyogeuzwa ya kupangisha. Mara nyingi kaka mkubwa hukusanya pango kwa niaba ya wote, na miaka inapita bila ya dada zake kuona hata shilingi, kwa hoja kwamba wameolewa. Suratun-Nisaa aya ya 7 imewathibitishia wanawake fungu lao, kiwe kichache au kingi, na pango la nyumba hufuata mafungu ya nyumba. Aya ya 10 ya sura hiyohiyo imewatishia kwa Moto wanaokula mali za mayatima kwa dhulma, na wengi wa warithi ni mayatima. Anayekusanya aweke daftari, aonyeshe kilichoingia na kilichotoka, na kama anastahili ujira kwa kazi yake, ukubaliwe na wenzake, asijipangie mwenyewe.

Zaka ya pango

Tumalizie kwa zaka. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha pili mwaka 1985, lilieleza kwamba nyumba ya kupangisha yenyewe haitolewi zaka. Zaka ni katika pato lake, kwa asilimia 2.5, likipitiwa na mwaka na masharti mengine yakitimia. Marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi ana rai nyingine, ya kulifananisha pato hilo na mazao ya shamba. Msomaji afuate mwanazuoni anayemwamini, lakini asiache kutoa kwa kisingizio cha hitilafu.

Na katika Minhaj iko mas'ala inayofanana kabisa na tuliyoanza nayo: mtu amepangisha nyumba yake miaka minne kwa dinari 80 na akazipokea zote mwanzoni. Kauli yenye nguvu ni kwamba hatoi zaka ya zote mwaka wa kwanza, bali hutoa kwa kadiri ya kile kilichotulia mwaka baada ya mwaka. Hata katika haki ya Allah (s.w.), sharia imeitambua pesa hiyo kuwa haijatulia. Basi mwenye nyumba ana udhuru gani wa kuiona kuwa imetulia pale inapofika haki ya mpangaji?

Yule mzee alimaliza kulipa fungu la tatu kabla ya Ramadhani iliyofuata. Ukuta umejengwa upya, na vyumba vina wapangaji. Tulipomtembelea alituonyesha bahasha zenye majina ya miezi, akasema kwamba mkewe ndiye anayezishika kwa kuwa yeye mwenyewe hajiamini. Tunawausia wenye nyumba wanaosoma ukurasa huu wakae na familia zao baada ya swala ya leo, wahesabu ni miezi mingapi ya pango walilopokea ambayo bado haijafika, na wajiulize kama pesa yake ipo.

Tunamuomba Allah (s.w.) atubarikie katika riziki za halali, azihifadhi nyumba zetu na majanga, na atujaalie tuwe wenye kutimiza haki za tunaokaa nao. Amin. Wabillahi tawfiq.